Tunda Lisilo na Mwenyewe: Beri Nyeusi katika Uingereza ya Malkia Victoria

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa historia, wazazi na wanafunzi. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa mkidhani siwaoni: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimetakiwa nizungumzie Uingereza ya karne ya 19, na najua mnachotarajia: injini ya mvuke, makaa ya mawe, viwanda vya nguo vya Manchester. Hayo mmeyasoma na mtayakuta tena kwenye mtihani. Mimi leo nimekuja na tunda. Tunda dogo, jeusi, linalong'aa, lisilozidi ncha ya kidole gumba, linaloota kwenye miiba. Beri nyeusi. Nasikia mtu anacheka pale. Hapana ndugu yangu, siyo ile simu ya BlackBerry yenye vitufe vingi. Simu ndiyo iliyochukua jina la tunda. Na ninyi mliotoka Lushoto au miteremko ya Kilimanjaro mnawajua ndugu zake, wale wanaowakwaruza mkipita njia za msituni.

Kwa nini tunda? Kwa sababu hili halikupandwa na mtu, halikupaliliwa na mtu, wala halikuwa na mwenyewe. Lilikuwa la bure. Victoria alitawala kwa zaidi ya miaka 63, kuanzia 1837 hadi 1901, na katika miaka hiyo tunda hili la bure lilivalisha watoto viatu, likatoza walimu hasara, likajaza mitungi ya viwanda. Sasa naomba mnisaidie swali moja tu tunapoendelea: bure kwa nani?

Tuanze na miiba yenyewe. Kwa nini Uingereza ilikuwa na miiba mingi kiasi kile? Jibu haliko porini, liko bungeni. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wengi: malisho ya kijiji, vichaka vya kuni, mashamba ya pamoja. Kwa jumla ni ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England. Wimbi kubwa lilipita kabla ya Victoria, na sheria nyingine zikafuata katika miaka yake. Na uzio wenyewe mara nyingi ulikuwa miti ya miiba iliyopandwa kwa mstari, shamba hadi shamba. Ndege wakatua juu yake, wakadondosha mbegu, na beri zikaota, maana mmea huu hupenda ukingoni, pale jua linapokutana na kivuli na jembe halifiki.

Mnaona mambo yalivyokwenda? Mtu wa kijijini alipoteza mahali pa kulishia ng'ombe wake mmoja, akabakiziwa ua wa michongoma. Na kwenye ua ule ule akaanza kuchuma.

Je, aliruhusiwa? Hapo ndipo mambo yanaponoga. Ukiiba matunda kwenye bustani ya mtu, sheria ya wizi ya 1861 ilikungoja na ungeweza kufungwa. Lakini kinachoota chenyewe? Mwaka 1887 majaji waliamua kesi ya Gardner dhidi ya Mansbridge. Kisa chenyewe kilikuwa uyoga: mtu ameingia kwenye shamba la mwenzake, amechuma uyoga, ameshtakiwa kwa kuharibu mali. Majaji wakasema uyoga ule umeota wenyewe, hakuna aliyeulima, kwa hiyo sheria ile haimgusi. Kilichokuwa kweli kwa uyoga kilikuwa kweli kwa beri.

Lakini sheria ya vitabuni ni moja, na mlinzi mwenye mbwa ni nyingine. Matajiri wa mashambani walifuga ndege wa kuwinda kwenye vichaka vile vile. Msimu wa kuwapiga kwale ulifunguliwa tarehe 1 Septemba, yaani beri zikiwa zimeiva kabisa. Mlinzi wa bwana hakutaka kusikia habari za majaji. Alitaka watoto watoke, wasimshtulie ndege.

Sasa nije kwenu wanafunzi wa nyuma. Amkeni, hii inawahusu.

Mwaka 1862 serikali ilileta utaratibu mpya wa ruzuku za shule. Shule ilitakiwa kuwa na daftari la kumbukumbu, na mwalimu mkuu aandike humo yanayotokea. Fedha zikagawiwa hivi: shilingi 4 kwa kila mtoto kulingana na wastani wa mahudhurio, na hadi shilingi 8 zaidi kama mtoto amefaulu mbele ya mkaguzi. Shilingi 2 na peni 8 kwa kusoma (peni 12 zilikuwa shilingi moja), hivyo hivyo kwa kuandika, hivyo hivyo kwa hesabu. Mtoto asiyefikisha mahudhurio zaidi ya 200 hakuweza kuiletea shule fedha za mtihani. Walimu wenzangu, hebu fikirini: mkate wako unategemea idadi ya vichwa vilivyoko mbele yako. Halafu inaingia Septemba.

Ukifungua madaftari hayo leo kwenye nyaraka za majimbo ya Uingereza, Septemba ina kilio kimoja. Mahudhurio mabaya, watoto wamekwenda beri. Wiki inayofuata: mahudhurio mabaya, beri. Shule ya bonde hili, beri. Shule ya ng'ambo ya mlima, beri. Mwandiko umenyooka, wino umekolea, na bado unamwona mwalimu amekunja uso.

Wazazi walikuwa wajinga? Hapana. Wazazi walijua hesabu kuliko mkaguzi. Februari 1872 vibarua wa mashamba wa Warwickshire walikusanyika chini ya mti mkubwa pale Wellesbourne, wakiongozwa na mhubiri mmoja aitwaye Joseph Arch, wakaanzisha chama. Walidai nini? Shilingi 16 kwa wiki. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto, siyo mshahara waliokuwa nao. Kwa pato la chini ya hapo mtu alishe mke na watoto, alipe pango, kisha anunue viatu kabla ya baridi. Hakuna mshahara wa kibarua uliotosha viatu. Viatu vilitoka kwenye hela za pembeni: masuke yaliyookotwa baada ya mavuno, viazi, na beri. Na kumbukeni kuwa mpaka 1891 familia nyingi zililipa ada ya peni kila wiki ili mtoto akae darasani. Kwa hiyo mtoto alitoroka shule ili apate viatu vya kwendea shule. Mkaguzi aliliita jambo hili utoro. Mimi sina uhakika kama ningeliita hivyo.

Na kuchuma kwenyewe siyo mchezo. Mwiba wa beri umepinda kurudi nyuma, kama ndoano: mkono unaingia vizuri, kazi ni kuutoa. Mtoto anabeba ndoo ya bati na fimbo yenye kikota cha kuvutia matawi ya juu. Kwenye kila kichala, tunda la nchani ndilo linaloiva kwanza, na ndilo kubwa na tamu kuliko yote. Yale ya nyuma huja baadaye, madogo, yamejaa mbegu. Ukichelewa wiki mbili unakuta wenzako wamechukua utamu. Lazima uchume kukiwa kukavu, kwa sababu beri lililolowa huota ukungu njiani. Jioni yupo mfanyabiashara mwenye mkokoteni na mizani, anapima, anatoa peni zake. Mikono imekuwa zambarau mpaka kwenye viwiko, na imechanikachanika.

Nawaambia haya kwa sababu picha tulizorithi ni nyingine. Mchoraji Myles Birket Foster aliwachora watoto wa mashambani kwa rangi za maji, mashavu mekundu, nguo safi, ua limechanua. Picha nzuri, zilinunuliwa sana na watu wa mjini. Kaziangalieni, kisha mfungue daftari la shule.

Mwaka 1880 elimu ikawa ya lazima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10, na maofisa wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ikasaidia? Kidogo. Kuna walimu waliochoka wakasogeza likizo ili iangukie kwenye msimu wa kuchuma. Na hapa nichomekee jambo la nje kidogo ya zama zetu: mwaka 1918, vita ikiwa imebana chakula, serikali ile ile iliwatoa watoto madarasani ili wakachume beri za jamu ya wanajeshi. Ghafla haukuwa utoro tena. Ilikuwa uzalendo!

Nije kwa Shetani. Ndiyo, Shetani naye alikuwa na hisa kwenye biashara hii.

Waingereza wa mashambani waliamini kwamba Malaika Mikaeli alipomtupa Shetani kutoka mbinguni, alidondokea kwenye kichaka cha beri. Fikiria maumivu. Tangu siku hiyo, kila mwaka sikukuu ya Mikaeli ikipita, Shetani anarudi kulipiza kisasi: kwa wengine anazitemea mate, kwa wengine anazikanyaga, na kuna vijiji vilivyosema anazifanyia jambo ambalo sitalitaja mbele ya wazazi. Sikukuu yenyewe ni tarehe 29 Septemba. Lakini mwaka 1752 Uingereza ilibadili kalenda, tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14, na wazee wengi hawakukubali kuporwa siku zao 11. Wakaendelea kuhesabu kwa kalenda ya kale, na kwao mwisho wa beri ukawa tarehe 10 Oktoba.

Tucheke, lakini tusicheke sana. Beri za Oktoba huwa zimejaa maji, hazina utamu, zina ukungu na nzi. Anayemwambia mtoto “usile, zimeharibika” hasikilizwi. Anayesema Shetani amezitemea anasikilizwa.

Na mmea ulikuwa dawa. Tawi la beri likirefuka huinama, na ncha yake ikigusa udongo huota mizizi, likawa upinde ulioshikwa na ardhi pande zote mbili. Mtoto akipata kifaduro, walimpitisha chini ya upinde ule, kwingine mara saba, kwingine mara tisa. Kule Cornwall, mtu aliyeungua aliwekewa majani tisa yaliyochovywa kwenye maji ya chemchemi, huku wakisoma maneno ya malaika watatu waliotoka mashariki, mmoja na moto, wawili na baridi. Moto utoke, baridi iingie. Katika nchi ambayo takriban watoto 150 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama asingeacha kujaribu upinde uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Daktari alikuwa mbali, na alitaka pesa.

Sasa tuingie jikoni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu pesa zilianzia hapa.

Beri peke yake ni tunda gumu kwa jamu. Hasa zikiiva sana, hazina ule utomvu wa kutosha wa kuifanya jamu igande. Lakini tufaha linao, na matufaha yanaanguka mitini wakati ule ule beri zinapoiva. Mama wa kijijini aliyachanganya, na mchanganyiko huo Waingereza hawajauacha mpaka leo. Aliyetaka jeli safi alipindua kigoda juu chini, akafunga kitambaa kwenye miguu yake minne, akamwaga humo matunda yaliyochemshwa, akaweka bakuli chini. Akaacha lidondoke usiku kucha. Tone, tone, tone. Na watoto walionywa: asikamue mtu! Ukikamua, jeli inapata vumbi, haipitishi mwanga. Asubuhi anapima sukari, anachemsha, anadondosha tone moja kwenye sahani baridi, analisukuma kwa kidole. Likijikunja, tayari. Juu ya mtungi anaweka karatasi iliyochovywa kwenye brandi, kisha anafunika kwa karatasi iliyopakwa ute wa yai au kwa kibofu cha mnyama, kikikauka kinakaza kama ngozi ya ngoma.

Tatizo la jikoni hili lilikuwa moja: sukari. Beri ni za bure, sukari siyo ya bure. Sukari ile kwa vizazi ilitoka Karibi, kwa jasho la watumwa wa Kiafrika ambao uhuru wao kamili ulikuja mwaka 1838 tu. Hilo msilisahau mnapoona mtungi mzuri wenye utepe. Baadaye ikaja sukari ya viazisukari kutoka Ujerumani na Ulaya ya bara, kwa wingi na kwa bei ya chini. Mwaka 1874 serikali ikafuta kabisa ushuru wa sukari. Mwaka 1800 Mwingereza wa kawaida alitumia kama kilo 8 za sukari kwa mwaka. Victoria alipofariki ilikuwa kama kilo 40. Nyingi ilikwenda kwenye chai, na nyingine ikakaa juu ya mkate. Mkate na jamu kikawa chakula cha mke wa mfanyakazi na watoto wake, kwa sababu siagi ilikuwa ghali na nyama alipewa baba.

Hapo ndipo anapoingia William Hartley, mwenye duka la vyakula pale Colne, Lancashire. Mwaka 1871 mtu aliyemletea jamu hakuleta mzigo. Wafanyabiashara mliopo hapa mnaijua siku hiyo: wateja wamesimama, rafu ni tupu. Hartley akapika yake mwenyewe, akaiweka kwenye vyungu vya udongo, ikauzika. Mwaka 1874 akahamia Bootle, karibu na bandari ya Liverpool. Mwaka 1886 akafungua kiwanda kikubwa Aintree, na miaka miwili baadaye akaanza kujenga kijiji cha wafanyakazi wake, chenye mitaa yenye majina kama Mtaa wa Sukari na Mtaa wa Viungo. Mimi simchukii Hartley. Aligawa sehemu ya faida kwa wafanyakazi, jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya. Lakini yeye siye picha nzima. Katika viwanda vya jamu kazi ilikuwa ya msimu na ya wanawake, na kwa kuwa tunda haliwezi kusubiri, sheria za viwanda zililegezwa ili miezi ya matunda wafanye kazi saa nyingi kuliko kawaida.

Na ndani ya mtungi kulikuwa na nini? Katika miaka ya 1850 daktari Arthur Hill Hassall alichunguza vyakula vya London kwa hadubini, akachapisha matokeo na majina ya wauzaji. Kwenye matunda ya makopo na mitungi alikuta shaba, iliyowekwa ili rangi ya kijani ipendeze. Jamu za bei rahisi zilijazwa makapi ya matufaha yaliyokwisha kamuliwa pombe. Sheria yenye meno ilikuja 1875.

Reli ndiyo iliyounganisha ua wa kijijini na haya yote. Vikapu viliondoka stesheni ndogo jioni, vikafika soko la Covent Garden kabla ya alfajiri, vikachukuliwa na machinga wa London. Mwandishi wa habari Henry Mayhew alikadiria kuwa machinga wa mji ule walipita 30,000. Yaliyopondeka yalikwenda kwenye pipa la jamu. Sasa hesabuni nami: reli imelipwa nauli, dalali amechukua chake, machinga amechukua chake, mwenye sukari, mwenye mtungi, mwenye kiwanda. Mtoto alipata peni jioni ile kwenye mizani. Bure kwa nani?

Nipite haraka kwa wasomi, maana nao hawakukosekana. Beri nyingi hutoa mbegu bila kurutubishwa, kwa hiyo kila kichaka huzaa nakala zake, na kichaka cha bonde la pili kinatofautiana nacho kidogo tu. Wachungaji na maprofesa wakaingia miibani wakizipa majina. Charles Babington wa Cambridge alitoa kitabu kizima cha beri za Uingereza mwaka 1869. Darwin naye, alipotaka mfano wa mimea inayowashinda wataalamu kuipanga, alitaja beri. Sijui kama yupo mtoto mchumaji aliyepata kuulizwa maoni yake, naye alijua kila kichaka kwa ladha.

Namalizia na safari ya mbali. Mwingereza alipohama alibeba beri. Ferdinand von Mueller, Mjerumani, alikuwa mtaalamu wa mimea wa serikali katika koloni la Australia lililopewa jina la malkia mwenyewe, Victoria, kuanzia 1853. Alisafiri sana milimani, na beri aliisambaza kwa moyo safi kabisa: izuie udongo kando ya mito, na msafiri mwenye njaa apate cha kula. Wahenga wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kule hakukuwa na wadudu wala magonjwa ya kwao ya kuirudisha nyuma. New Zealand iliiweka kwenye sheria yake ya magugu mwaka 1900, malkia akiwa bado hai. Australia leo inaihesabu miongoni mwa magugu mabaya kuliko yote nchini. Mwaka 1984 mtu asiyejulikana aliachia ugonjwa wa kutu wa majani kinyume cha sheria ili uishambulie, na mwaka 1991 serikali nayo ikaleta aina yake ya kutu kwa njia halali. Imepunguza, haijamaliza. Pale ambapo dawa na trekta vimeshindwa, wakulima wanatumia mbuzi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemwona. Maswali nitayapokea, na naomba la kwanza litoke kule nyuma. Asanteni sana.